Kutembea Tu

Kizibo cha chupa ya chai kililia gizani. Hakikulia kwa nguvu; kilitoa kile kilio chembamba cha mpira unaobanwa, lakini katika nyumba ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia, hicho kilitosha. Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilikuwa kile cha kumwambia mtu kwamba amesikika.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama."

"Unafanya nini saa hizi?"

"Naweka chai kwenye chupa, mama."

"Unakwenda wapi?"

Fundi alisimama na kizibo mkononi. Hapa ndipo angeweza kujiokoa. Wanawake wa mtaa ule walikuwa na ruhusa tatu za kutoka nyumbani kabla ya jua: hospitali, msiba na soko. Ukitaja moja, mlango unafunguka na pole unapewa. Zote tatu zilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini wiki nzima alikuwa amekaa kwenye cherehani akijiuliza kwa nini mtu mzima mwenye mikono miwili na miguu miwili aue shangazi ili apate siku moja, na jibu halikupatikana. Basi akasema kweli.

"Nakwenda kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Simtembelei mtu, mama. Nakwenda kutembea tu."

Kitanda kililia upande wa pili. Mama mkwe alikuwa ameketi.

"Kutembea," alisema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi akijua kuna kitu kimezidi. "Haya, mwanangu. Mimi nimesikia."

Neno lile lina sura mbili, na kila mtu mzima anaijua ya pili. Wakikuambia mke wa fulani anatembea, hawazungumzii habari za miguu. Fundi alilijua hilo. Alilijua, akalisikia likitoka mdomoni mwake likiwa uchi, na hakulifuata kulivisha nguo. Alimfunika vizuri binti yake wa miaka saba, ambaye alikuwa macho na alijifanya amelala, akafunga kamba za raba zake, akatoka.

*

Njia yenyewe ilikuwa imepita nyuma ya mji wao miaka yote. Ilianzia mbali, mwendo wa wiki na wiki, ikifuata mgongo wa milima. Ikashuka hadi kwenye daraja, ikapanda tena na kupotelea juu. Watu walikuja kutoka kila pembe kuitembea, wengine kipande, wengine yote, wakilala kwenye vibanda vya mbao na kufuata alama za rangi ya njano zilizopakwa kwenye mawe. Wenyeji nao waliipanda, ila daima wakiwa na kitu kichwani au mgongoni, na kitu hicho daima kilikuwa cha mtu mwingine.

Fundi aliijua njia kwa mabegi. Kibaraza chake cha ushonaji kilikuwa karibu na daraja, na watembeaji waliokatikiwa mikanda ya mabegani walikaa kwenye benchi lake wakisubiri huku wamevua viatu. Kila begi lilipogeuzwa, vumbi liliangukia mapajani pake. Waliotoka upande wa chini waliacha vumbi jekundu. Walioshuka kutoka juu waliacha vumbi jeusi, jeusi kama masizi, linaloingia kwenye kucha na kukaa humo hadi wiki iishe. Mwanzoni alilikung'uta tu. Baadaye akaanza kujiuliza: ni wapi huko jekundu linapokwisha na jeusi kuanza? Aliwauliza wapagazi. Walimcheka. "Dada, ukiwa na mzigo wa mtu huangalii udongo. Unaangalia kisigino cha aliye mbele yako."

Rafiki yake alikuwa msafishaji wa wodi, mnene, mcheshi, na mtaa mzima ulimwita Treni kwa sababu mbili: alivyohema na alivyochelewa. Siku hiyo hakuchelewa. Fundi alimkuta darajani, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya kazi.

"Wewe umeaga vipi?" Fundi aliuliza.

"Nimekwenda kumzika shangazi."

"Si ulimzika mwaka jana?"

"Basi safari hii hatoki tena," Treni alisema, na wakacheka hadi mbwa wa darajani akanyanyua kichwa. "Na wewe?"

"Nimesema nakwenda kutembea."

Treni aliacha kucheka. "Umemwambia mama mkwe wako? Neno hilohilo?"

"Hilohilo."

"Ee, Fundi! Ungesema hata unafanya mazoezi!"

"Mbona siendi mazoezini."

*

Mlinzi wa geti alikuwa kijana ndani ya koti lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. "Wapagazi mlango wa nyuma," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Sisi si wapagazi," Fundi alisema.

Akainua macho. "Wapishi?"

"Wala."

"Sasa begi hilo la nani?"

"Letu."

"Mnalipeleka wapi?"

"Hatulipeleki popote. Tunakwenda nalo, tunarudi nalo. Ndani kuna mkate, mayai na chai yetu."

Kijana aliwatazama miguu, kisha nyuso, kisha miguu tena. Kwenye ubao nyuma yake palikuwa pameandikwa kwamba wenyeji hawalipi kiingilio. Ubao haukusema wenyeji wasio na kazi wafanywe nini. Nyuma ya Fundi na Treni palikuwa tayari na kundi la watembeaji wenye fimbo na kofia, na mmoja wao aliguna kama watu wagunavyo kwenye foleni ya benki. Kijana akachukua redio.

"Mkuu, hapa kuna wanawake wawili, wenyeji. Wanasema wanataka kutembea."

Redio ilikwaruza. Sauti ya kiume ikatoka ikiwa imejaa kicheko: "Kutembea na nani?"

Mlinzi alicheka. Mmoja wa watembeaji, aliyeielewa lugha, naye alicheka. Fundi alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa ametoka nyumbani akiliacha neno lile nyuma ya pazia, na kumbe lilikuwa limemtangulia na kumsubiri getini.

Treni akainama hadi mdomo wake ukakaribia redio. "Na miguu yetu, mkuu! Tunayo minne! Tufungulie!"

Redio ilikwaruza tena. Kisha sauti, safari hii bila kicheko: "Wapite."

"Mlango upi, mkuu?"

Fundi hakusubiri jibu. Alisukuma chuma cha lango kubwa, la mbele, akapita, na Treni akapita nyuma yake kwa ubavu, maana hakuwa na umbo la kupita vinginevyo.

*

Walipanda. Njia ilikuwa nyekundu na yenye mizizi, na kwa kipande cha kwanza Treni aliongea bila kupumzika. Katika cha pili aliongea akipumzika. Katika cha tatu alihema tu. Fundi alikuwa na maumivu yake mwenyewe. Miguu yake ilizoea kubonyeza kikanyagio cha cherehani, juu na chini, siku nzima bila kufika mahali. Sasa kila mguu ulipobonyeza, ulifika. Jambo hilo lilimfurahisha kiasi kwamba alianza kutabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Treni aliuliza.

"Mguu."

"Wangu unalia, wako unacheka. Mungu hana usawa."

Kwenye mwinuko wa mawe bwana mmoja wa mjini aliwafikia. Alikuwa na fimbo mbili, miwani ya jua na uso ulioiva kwa joto. Alishusha begi lake mbele ya Treni kama mtu anayeweka sahani mbele ya mhudumu. "Dada, nishikie hili mpaka kibandani. Nitakuangalia kwa chochote."

"Niangalie hapahapa, kaka," Treni alisema akiwa ameshika kiuno. "Umeniona? Ninatembea."

"Samahani. Nilidhani ninyi ni..."

"Hata mlinzi alidhani. Hata mume wangu anadhani niko makaburini. Lichukue begi lako, kaka yangu, usije ukapoteza mswaki."

Bwana yule aliliokota, akapita mbele haraka kuliko pumzi yake ilivyomruhusu. Walipomkuta baadaye ameketi juu ya jiwe, amevua kiatu, Treni alimsalimia kwa heshima zote, na yeye akaitikia akitazama soksi.

Simu ya Fundi iliita walipofika kwenye bega la mlima, mahali ambapo miti inaachia na mtandao unarudi. Ilikuwa namba ya mume wake, mwashi, ambaye juma zima hukaa kwenye ujenzi mji wa pili na kurudi nyumbani Jumamosi jioni. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Uko wapi?"

"Niko juu ya mlima."

"Unafanya nini huko?"

"Natembea."

Alimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake koleo zilikwangua zege. "Usiniambie neno hilo," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua mama amenipigia saa ngapi? Mikono yangu yote ina saruji. Nimemwambia kijana anibonyezee, aweke sauti ya nje. Mama anasema, mbele ya watu wote: 'Mwanangu, mkeo katoka usiku, kaenda kutembea.' Unajua wamecheka vipi? Mpaka mwenye nyumba kacheka. Tangu asubuhi nikiomba tofali, wananiuliza mke wangu ameshatembea mpaka wapi."

Fundi alifumba macho. Aliwaona: wanaume kumi juu ya jukwaa la mbao na mume wake katikati, mikono imetandazwa, hawezi hata kuifunga simu. Alimhurumia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alimhurumia kweli.

"Niko na Treni," alisema. "Wewe unamjua. Ungewaambia."

"Niwaambie nini? Mke wangu amepanda mlima kutafuta nini? Kuni?"

"Sikutafuta kitu."

"Ndivyo watu wanavyosema, hukutafuta kitu! Geuza. Geuza sasa hivi. Nikifika jioni nisipokukuta, mlango ule usahau. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Umesemaje?"

"Nimesema nimekusikia."

Simu ikakatika. Treni hakuwa na haja ya kuuliza. Mwashi alikuwa na sauti ya kuitia watu kwenye ghorofa ya tatu.

"Turudi," Treni alisema. "Tukigeuza sasa unamkuta hajafika. Unapika, unaoga, unakaa kwenye mkeka kama hujawahi kutoka. Mlima utakuwepo tu, Fundi. Hauhami."

"Na mimi je? Mimi nahama? Mwakani nitakuwa wapi? Kwenye kiti kilekile, nikiwashonea wengine mikanda."

"Anaweza kukufukuza kweli."

"Anaweza."

"Basi mpigie, mwambie daktari alisema. Si kweli miguu yako huvimba? Mwuguzi wa wodi yetu mwenyewe alikuambia usikae sana. Hata si uongo."

Fundi alitafakari hilo. Si kwamba lilikuwa baya. Lingetosha kabisa, mume wake angelishika kwa mikono miwili, angewapa wenzake, nao wangesema pole. Na kuanzia siku hiyo angekuwa mgonjwa. Kila akitaka kuvuka daraja angelazimika kwanza kuumwa.

"Treni," alisema, "mimi siumwi. Nilitaka kuja. Wewe kama unaogopa rudi, sitakulaumu. Mimi nakwenda juu."

Treni alitazama chini, kisha juu, kisha akafunga upya kanga yake kwa hasira. "Nirudi peke yangu halafu nikaseme shangazi kafufuka? Tangulia."

*

Waliukuta mpaka wa udongo mahali ambapo hakuna aliyewaambia. Hapakuwa na alama yoyote. Njia ilipinda kushoto chini ya jiwe kubwa, na hatua moja ilikuwa nyekundu na iliyofuata nyeusi, kana kwamba mtu alikuwa ameunganisha vitambaa viwili na kuupiga pasi mshono. Fundi alipiga magoti. Aliweka kiganja kimoja huku na kingine kule.

"Ndicho hiki?" Treni aliuliza akihema. "Ndicho kilichotuleta?"

"Ndicho."

"Udongo."

"Udongo, ndiyo."

Treni aliutazama. Halafu alijishusha chini kwa mafungu, goti, mkono, goti la pili, akaketi palepale katikati, tako moja kwenye wekundu na moja kwenye weusi. "Basi na mimi nisiwe nimekuja bure," alisema.

Juu kabisa, kwenye kibanda, walionyeshwa jiko la wapagazi. Walishukuru, wakaenda kuketi kwenye mabenchi ya mbele yanayotazama bonde. Hakuna aliyewafukuza. Watu walisogea kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Walimenya mayai, wakamimina chai. Upande wa pili njia iliteremka, ikapanda, ikateremka, mstari mwembamba mweusi juu ya milima ambayo haikuwa na majina vinywani mwao, na Fundi aliifuata kwa macho hadi macho yakachoka. Hakulia. Alijaribu kuona kama analo la kujutia, akitafuta kama mtu anavyopapasa mifuko ya nguo ya mteja kabla ya kuishona. Alikuta hofu. Majuto hakuyakuta.

"Akikufukuza utalala kwangu," Treni alisema huku ana yai mdomoni. "Ila mapacha wangu wanapiga mateke usingizini."

"Hanifukuzi kwa sababu ya mlima."

"Atakufukuza kwa sababu ya kicheko. Wanaume kicheko hawakiwezi."

"Ndiyo maana nataka nikifika tuzungumze mbele ya haohao wachekaji," Fundi alisema, akafunga begi.

*

Kushuka kuliwala magoti. Walipofika mtaani jua lilikuwa limezama na taa za vibaraza zilikuwa zimewaka. Habari ilikuwa imewahi kufika. Hilo lilionekana kwa jinsi majirani walivyojaa nje bila sababu, huyu akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa, yule akimsuka mtoto gizani. Fundi alimwambia Treni arudi kwake. Treni alikataa. "Nimetembea na wewe kutwa," alisema kwa sauti ambayo hakuipunguza, "nitasimama na wewe dakika mbili."

Mwashi alikuwa mlangoni. Hakuwa ameoga, saruji ilikuwa imekauka mikononi hadi viwiko na kumfanya aonekane mzee. Mama yake alikuwa nyuma yake kwenye kigoda, kichwa juu.

"Umetoka wapi?" mwashi aliuliza, na mtaa ukanyamaza ili umsaidie kusikia jibu.

"Kutembea."

Mtu alicheka gizani. Fundi aligeukia kilipotoka kicheko. "Cheka tu, jirani. Nimetembea. Nimetoka alfajiri na huyu hapa, tumepita geti la mbele, tumefika kibandani, tumekula mayai, tumerudi. Viatu ndivyo hivi. Mwenye swali jingine aje aulize hapa kwenye mwanga."

Hakuna aliyekuja. Yule wa ufagio alikumbuka kufagia.

"Mimi nilisema kama alivyosema," mama mkwe alisema kutoka ndani. "Sikuongeza neno."

"Kweli mama, hukuongeza," Fundi alimjibu. "Hukupunguza pia. Nakushukuru."

Mama mkwe alishusha kichwa, akajifunga upya kanga yake.

Mwashi alishuka ngazi moja. Alimkaribia mke wake hadi akanusa vumbi na jasho lake, na alipozungumza ilikuwa kwa mnong'ono, karibu kwa kubembeleza. "Nisaidie," alisema. "Sema ulikwenda hospitali. Miguu yako huvimba, wote wanajua. Sema hivyo tu, wasikie, halafu uingie. Mimi sina ugomvi na wewe."

Alikuwa akimpa mlango. Fundi aliuona ukiwa wazi nyuma yake, aliona taa, sufuria, pazia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angeweza kulala wima. Neno moja dogo, na lenyewe nusu ni kweli.

"Sikwenda hospitali," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani wa mwisho. "Mimi ni mzima."

Mume wake alirudi nyuma kana kwamba amepigwa. Akapanda tena ngazi ile moja, akashika miimo yote miwili ya mlango, na kila mtu aliona kwamba hakujua afanye nini baada ya hapo. Akiondoa mikono, ameshindwa mbele ya mtaa. Asipoiondoa, itabidi asimame pale hadi asubuhi. Fundi hakumsukuma wala hakumwomba. Aliketi kwenye ngazi ya chini, akatua begi, akavua raba moja, halafu ya pili, akazipanga pembeni ya mlango, mahali zinapokaa siku zote. Treni akaketi karibu naye. Ngazi ikaguna.

"Hapa pia ni kwangu," Fundi alisema bila kumtazama mtu. "Nitasubiri."

Nyuma ya mwashi kitu kilisogea. Binti yake alikuwa ametoka chumbani, miguu mitupu, amebeba beseni la maji ya uvuguvugu kwa mikono yote miwili, maji yakimwagika kila hatua. Alimpita bibi yake. Alifika mlangoni, akakuta mgongo wa baba yake umeujaza wote, akasubiri kidogo kama alivyofundishwa, kisha akasema kwa sauti:

"Baba, sogea, maji ya mama yanapoa."